Viinitete vya Samaki wa Madimbwi ya Msimu: Kundi Moja Haliisemei Spishi Nzima



Nothobranchius furzeri ni samaki mwenye urefu wa kidole tu, anayeishi katika madimbwi ya msimu kusini-mashariki mwa Zimbabwe na kusini mwa Msumbiji. Mvua ikijaza dimbwi, mayai huanguliwa, na porini imethibitika kwamba siku 14 zinaweza kumtosha kukomaa. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa. Kinachobaki ni mayai ya takribani milimita 1 ndani ya udongo mweusi wa mbuga. Basi sehemu kubwa ya uhai wake huishi akiwa kiinitete, ingawa tunaopenda kumpima tumempima zaidi akiwa na mapezi.

Kiinitete hicho hakikui mfululizo. Kinaweza kusimama katika vituo vitatu viitwavyo dayapozi, ambavyo John Wourms alivifafanua mwaka 1972. Katika kituo cha kwanza seli zimetawanyika juu ya kiini cha yai, mwili haujaanza kujengwa; tope lisilo na oksijeni hukirefusha kituo hiki. Katika cha pili kichwa kinatambulika, pingili za mwili zimejipanga na moyo umeanza kupiga, kisha shughuli zote hushuka mno. Katika cha tatu samaki mzima amejikunja ndani ya yai. Ni huyu tu anayeweza kuanguliwa maji yanapoingia.

Kituo cha pili ndicho chenye mambo. Kinaweza kurukwa, hasa joto likiwa kubwa, na kiinitete kikawa tayari baada ya wiki chache. Ndugu yake aliyesimama huweza kusubiri miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mayai ya mama mmoja hugawanyika hivyo, kama mkulima asiyetupa mbegu zote shambani kwa mvua ya kwanza. Umri wa mama nao una neno: kwa Austrofundulus limnaeus wa Venezuela, majike wachanga hutoa viinitete vingi zaidi vinavyoruka.

Sasa tuingize makundi. Kutoka Gonarezhou, upande wa Zimbabwe, kwenda pwani ya Msumbiji mvua huongezeka na madimbwi hudumu zaidi. Samaki wa upande mkavu huzeeka mapema hata wanapofugwa pamoja na wenzao katika mazingira yaleyale. Je, viinitete vyao navyo vitofautiane vipi? Jibu la haraka ni kwamba ukavu mrefu unadai kusubiri kurefu. Lakini dimbwi la muda mfupi linadai pia kuwa tayari siku ya mvua ya kwanza, maana aliyechelewa hatapata muda wa kutaga. Mashinikizo haya mawili yanavutana, na mizani yake huenda ikatofautiana hata kati ya madimbwi jirani.

Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na mazoea yetu. Maabara nyingi hutumia ukoo mmoja, GRZ, uliotokana na samaki waliokusanywa Gonarezhou mwaka 1968, kabla spishi haijapewa jina mwaka 1971. Ukoo huo umetufaa sana. Ramani ya jenomu iliyochapishwa mwaka 2015 imeutumia. Lakini mfugaji huangua mayai yaliyokwisha kuwa tayari, na kwa kufanya hivyo kizazi baada ya kizazi anaweza kuwa anawachagua wasiosubiri bila kukusudia. Kasi ya ukuaji iliyopimwa kwa GRZ isomwe kuwa ya GRZ.

Ulinganisho wa haki unahitaji samaki wa madimbwi kadhaa wafugwe katika maji na joto lilelile, na wapimwe watoto wa kizazi cha pili, ili athari ya hali aliyoishi bibi porini ipungue.

Kwetu swali hili lina sura nyingine. Nothobranchius guentheri wa Unguja na N. melanospilus wa pwani ya Kenya na Tanzania wana masika na vuli, na kati yake ukavu wa aina mbili: mfupi wa Januari na Februari, mrefu baada ya masika. Yai la Januari likiruka kituo cha pili linaweza kuikuta masika. La Juni likiruka hukabili miezi mikavu likiwa limekwisha kukomaa. Napendekeza tope likusanywe mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, dimbwi kwa dimbwi, na mayai yahesabiwe chini ya hadubini kwa kituo kilichofikiwa. Sampuli za Unguja zisichanganywe na za bara.