"Hakuna Kilichoota": Bakteria Wasiozoeleka katika Mkojo wa Mgonjwa wa Figo



Yapo maneno mawili ambayo sisi wa maabara tumeyaandika mara nyingi kuliko majina yetu: "Hakuna kilichoota." Daktari akiyasoma, humwambia mgonjwa kwamba hana yutiai. Kwa mwenye figo nzima, mara nyingi hilo ni kweli. Kwa mwenye mawe, mwenye mpira wa mkojo au aliyepandikizwa figo, huenda kilichokosekana ni muda tu.

Taratibu zetu zimemzoea Escherichia coli. Huyo hana makuu: jioni umempanda kwenye sahani ya maabara, asubuhi ameota. Hata kijiti cha kupimia mkojo kinamtegemea yeye na jamaa zake, kwa sababu alama ya naitraiti hutokea pale bakteria anapoigeuza naitreti iliyomo mkojoni. Asiyeigeuza hupita kimya.

Corynebacterium urealyticum ni mmoja wa hao wanaopita. Makazi yake ni kwenye ngozi, kwa hiyo tukimwona tunasema sampuli imechafuka. Tena huota polepole, saa 48 au zaidi, wakati sahani tumeshaitupa. Nakiri, nami nimeshazitupa. Huko mwilini kimeng'enya chake huivunja urea na kutoa amonia. Mkojo unakuwa wa alkali, na chumvi za fosfeti zinaganda kwenye kuta za kibofu na ndani ya figo, kama ukoko ndani ya birika. Figo iliyopandikizwa inaweza kupotea hivyo. Dawa nyingi za kawaida hazimwezi. Vankomaisini kwa kawaida humweza, lakini ukoko nao sharti uondolewe, maana ndimo anamojificha.

Dalili yake tunayo mkononi kila siku: pH ya 8 kwenye kijiti, seli nyeupe tele, na sahani tupu. Kuisoma pH hakuongezi hata shilingi moja. Mkojo wa tindikali wenye usaha na sahani tupu nao una la kusema: mfikirieni kifua kikuu cha figo.

Mwingine anayepita kimya ni Actinotignum schaalii, ambaye huwapata zaidi wazee wenye matatizo ya njia ya mkojo. Hataki hewa ya kawaida. Anahitaji kaboni dioksidi ya ziada, au pasiwe na oksijeni kabisa. Mtungi wa mshumaa tunaouteshea gonokoka unaweza kusaidia. Siprofloksasini, ambayo wengi wetu huikimbilia kwanza, kwa kawaida haimgusi, amoksisilini humtosha.

Kwa watu wa mwambao, Unguja na Pemba, naongeza Salmonella. Mayai ya kichocho cha mkojo huacha makovu, mirija ya mkojo inabana, figo inavimba kwa mkojo uliokosa njia. Salmonella naye hujishikiza kwenye minyoo yenyewe. Antibiotiki huwaua waliomo kwenye damu, waliojishikiza wanabaki, na homa inarudi. Basi mgonjwa apewe na prazikwanteli, la sivyo mtaonana naye tena. Swali la kumuuliza ni jepesi: utotoni ulikuwa ukiogelea wapi?

Nisieleweke vibaya. Wanaosafishwa damu na kukojoa kidogo huwa na seli nyeupe mkojoni hata bila maambukizi, tusitibu karatasi. Na figo iliyochoka haifikishi nitrofurantoini ya kutosha kwenye mkojo, wakati jentamaisini inaweza kuimalizia kabisa.

Sasa ombi langu kwa madaktari. Fomu ya kipimo ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa. Mara nyingi hutufikia ikiwa tupu, au imeandikwa "yutiai", jambo ambalo chupa ya mkojo ilishatuambia. Mkiandika "ana mawe", sahani itarudi kwenye inkubeta siku ya pili, na nyingine itaingia mtungini. Nimeipima nafasi hiyo kwa rula: sentimita nne. "Figo ya kupandikizwa" inaenea.