TAIRI LA MBELE LA TUKTUK: TUCHAGUE LIPI, NA NANI ALIPE?

Mazungumzo mbele ya wanachama madereva wa Ukunda, Diani na Msambweni



Nimeombwa niseme machache juu ya tairi la mbele la tuktuk. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanya kazi na matairi, wapi na wapi? Chama na kiseme juu ya mapato. Nami namjibu kwamba tairi ni mapato, na tena ni uhai. Dereva anayeshika hendeli tangu alfajiri mpaka saa nne za usiku, kati yake na lami pana vipande vitatu vya mpira tu, kila kimoja hakizidi upana wa kiganja. Na cha mbele kiko peke yake.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuuza chombo cha magurudumu matatu, kiitwacho Ape, mwaka 1948. Vita vilikuwa vimekwisha na watu hawakuwa na fedha za kununua malori. Baadaye Wahindi wakaishika kazi hiyo, na hizi Bajaj na TVS tunazoziendesha huku kwetu zatoka kwao. Umbo limebaki lile lile: magurudumu mawili nyuma yanasukumwa na injini, na moja mbele linaongoza.

Sasa, gari la magurudumu manne likipasukiwa tairi moja la mbele, la pili husaidia kushika njia. Tuktuk haina la pili. Ukifunga breki, sehemu ya uzito wa abiria na mizigo hukimbilia mbele, juu ya gurudumu hilo moja. Na likikosa kushika barabara, hata ukikata hendeli namna gani, chombo huenda moja kwa moja. Hebu fikirini mteremko wa kutoka Kwale mjini kuja Kombani, mvua ya mwezi wa Mei inanyesha, nyuma wamekaa watu watatu na gunia la mahindi. Hapo tairi lililokwisha meno ni hatari kwa dereva na kwa kila aliyepanda.

Iko desturi mbaya ambayo wote twaijua. Katika tuktuk nyingi matairi yote matatu ni ya kipimo kimoja. La nyuma huisha upesi kwa sababu ndilo linalosukuma. Basi likiisha, mtu hulihamisha mbele, akasema, “Mbele hakuna kazi nyingi.” Wengine hutetea desturi hii kwa kusema kwamba hata mafundi wa magari madogo hushauri matairi mapya yawekwe nyuma. Ni kweli, hushauri hivyo, lakini kwa gari lenye magurudumu mawili mbele, tena matairi yote yakiwa bado mazima. Hawakusema lililokwisha liwekwe mbele pekee. Kwetu sisi kanuni na iwe hii: tairi lililochakaa, lenye kiraka, au lililochongwa meno upya kwa kisu, lisiende mbele kamwe.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Yako mambo matano ya kutazama.

Jambo la kwanza ni kipimo. Tuktuk za kawaida za abiria, kama Bajaj RE, hutumia tairi lililoandikwa 4.00-8. Maana yake ni upana wa inchi 4, na rimu yenye kipenyo cha inchi 8. Zile kubwa zaidi, kama Bajaj Maxima, hutumia 4.50-10. Someni namba iliyo katika tairi la zamani na katika kitabu cha chombo kabla ya kwenda dukani. Msitegemee macho.

Na hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Kipimo hicho cha 4.00-8 ndicho pia kipimo cha tairi la wilibaro nyingi, hii ya kubebea kokoto na saruji. Liko katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na bei yake ni rahisi. Litaingia katika rimu ya tuktuk bila taabu, na mtu asiyejua hataona tofauti. Lakini halikutengenezwa kwa mwendo wa barabara. Limetengenezwa kwa mwendo wa mtu anayesukuma kwa mikono. Likipata joto la lami ya mchana lapasuka. Hali kadhalika yako matairi ya skuta yenye kipimo hicho hicho, nayo ni mepesi kuliko yetu. Kipimo kikilingana, bado hujajua nguvu.

Jambo la pili, basi, ndilo nguvu. Ubavuni mwa tairi tazama herufi PR na namba iliyo mbele yake: 4PR, 6PR au 8PR. Hiyo ni daraja ya nguvu ya kubeba. Tuktuk ya abiria kwa kawaida huja na 6PR. Usishuke chini ya daraja ambayo kiwanda kilitia. Wakati mwingine utaona pia namba na herufi pamoja, kwa mfano 71 J. Namba 71 maana yake tairi laweza kubeba kilo 345, na herufi J maana yake mwendo wake usizidi kilomita 100 kwa saa. Tairi lisilo na alama yoyote ya uzito wala mwendo, liache pale pale dukani.

Jambo la tatu ni meno. Tairi lenye mifereji inayozunguka kufuata mwendo wa gurudumu hushika njia vizuri mbele, hutii hendeli, na hutoa maji. Lenye vidato vikubwa vya kukata matope ni zuri nyuma, kwa mtu anayeingia ndani mashambani wakati wa mvua, lakini mbele juu ya lami hutikisika na kuliwa vibaya. Anayefanya kazi kati ya Ukunda na hoteli za Diani, au juu ya barabara kuu ya Likoni mpaka Lunga Lunga, na achague mifereji. Anayekwenda njia za mawe ya matumbawe na mchanga, naye achague mifereji yenye kina na ubavu mnene, kwani jiwe la tumbawe hukata ubavu kama shoka.

Jambo la nne ni umri. Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua, joto na hewa huukausha. Ubavuni tafuta tarakimu nne zilizo pamoja katika kiduara chembamba, mwisho wa maandishi yanayoanza kwa DOT. Ukiona 2324, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2024. Tairi lililotundikwa nje ya duka miaka mitatu, likachomwa na jua la kaskazi, si jipya ijapokuwa halijaguswa na barabara. Wala usidanganywe na rangi nyeusi inayong'aa. Likunje kidogo ubavu kwa mikono miwili: ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka, mrudishie mwenyewe.

Jambo la tano ni bei, na hili nalo lahitaji hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tairi hafifu ni shilingi 2,000 na ladumu siku 120. Tairi zuri ni shilingi 3,000 na ladumu siku 240. La kwanza lakugharimu karibu shilingi 17 kwa siku. La pili shilingi 12 na nusu. Aliyenunua rahisi ndiye aliyenunua ghali, na bado hatujahesabu siku alizolala bila kazi. Kila mmoja wetu na aweke daftari, aandike tarehe ya kulitia tairi na tarehe ya kulitoa. Baada ya mwaka mmoja tutajua wenyewe ni tairi gani linalofaa njia zetu, wala hatutangoja kuambiwa na muuza duka.

Tairi likiisha kununuliwa, kazi haijaisha. Nasema maneno matatu juu ya kulitia na kulitunza.

Rimu za tuktuk nyingi ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Kabla ya kulegeza nati hizo, toa upepo wote mpaka wa mwisho. Nati zinazofunga gurudumu kwenye chombo ni nyingine, na nati zinazounganisha rimu ni nyingine. Mtu akikosea akafungua za rimu na upepo bado uko ndani, vipande hivyo huruka, na vyaweza kumvunja mkono au uso. Waambieni vijana wanaojifunza kazi ya pancha, maana wao ndio wanaoumia.

Tukaao karibu na bahari twajua chumvi inavyokula chuma. Fundi akifungua rimu, piga msasa kutu yote ya ndani, upake rangi, uiache ikauke. Kutu ndiyo inayotoboa tyubu, kisha watu humlaumu fundi. Na tairi jipya litiwe tyubu mpya. Ile ya zamani imekwisha kuvutika, ndani ya tairi jipya itajikunja, na mkunjo utatoboka. Kama ubavuni pana mshale, ufuate mwendo wa gurudumu.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuanza kazi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha chombo. Kupiga teke si kupima. Wako wanaopunguza upepo ili wapite mchanga wa karibu na pwani. Yafaa, lakini ukirudi kwenye lami ujaze tena papo hapo, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo hukunjika kila mzunguko, hupata joto, na mwisho hupasuka. Kisha lisome tairi lako. Likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiliwa pande zote mbili, upepo umepungua. Likiliwa upande mmoja, uma au hendeli imepinda. Likiliwa kwa mabonde mabonde, tazama beringi na shokomzoba. Kutia tairi jipya juu ya uma uliopinda ni kutupa fedha. Na rula ya mtoto wa shule yatosha kupima meno: yakibaki chini ya milimita 2, anza kutafuta jingine.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye swali gumu: nani alipe?

Wengi wetu twaendesha chombo cha mtu. Jioni twampelekea tajiri fedha tulizopatana, petroli ni juu yetu, na kinachosalia ndicho chakula cha watoto. Tairi likiisha, tajiri asema, “Wewe ndiwe uliyelimaliza.” Dereva asema, “Chombo ni chako.” Wakibishana hivyo juma zima, tuktuk inaendelea kwenda na tairi kipara, na ndani yake wamo wanafunzi, na mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Msambweni. Abiria hao hawamo katika mabishano yale, lakini wao ndio walio hatarini.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, yataja matairi kwa jina. Yasema chombo kisitumiwe barabarani ila kiwe katika hali isiyohatarisha watu. Anayeendesha ana lawama, na mwenye chombo anayeruhusu kiendeshwe katika hali mbaya naye ana lawama. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vyombo vya kazi vilivyo salama na avitunze. Lakini twajua ni nani anayekutwa kwenye hendeli siku ya ajali. Tajiri huyo yuko nyumbani.

Hata hivyo tuseme haki. Tajiri wengi wa tuktuk si matajiri. Mwingine ni mwalimu, mwingine ni mama aliyekopa, na kila mwezi anadaiwa. Ugomvi hautatia tairi. Kwa hiyo napendekeza mapatano haya, nayo yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili:

Kwanza, tairi, tyubu na matengenezo ya uma ni juu ya mwenye chombo. Upepo, pancha na kulitazama kila asubuhi ni juu ya dereva.

Pili, katika fedha za kila siku zitengwe shilingi 20 za tairi, ziwekwe mbali. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 520 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 3,120. Tairi litakapoisha, fedha ziko, na hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Tatu, dereva akionyesha kwa rula kwamba tairi la mbele limekwisha, asilazimishwe kutoka, wala asidaiwe fedha za siku hiyo.

Nne, kila kituo kinunue matairi kwa pamoja. Mtu mmoja akienda dukani hupewa bei ya mtu mmoja. Watu ishirini wakienda pamoja, muuzaji huvuta kiti akazungumza, na tairi bovu atalificha asiwaonyeshe.

Neno hilo la tatu ndilo litakalopingwa zaidi, nanyi mnajua kwa nini. Peke yake dereva hawezi kulisema, kwa kuwa yuko mwingine anayengoja ufunguo. Sote tukilisema siku moja, kutoka Ukunda mpaka Msambweni, hakutakuwa na wa kupewa ufunguo huo. Basi nawaomba makatibu wa vituo waandike mapatano haya, wayalete katika mkutano ujao yajadiliwe kifungu kwa kifungu. Na kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, kila mtu apige magoti mbele ya chombo chake, alitazame tairi lile moja kwa rula mkononi.