Tarehe Iliyofichwa Chini



Tumeombwa tueleze jinsi tunavyotengeneza mabango kwa kompyuta. Hebu tuanze na aibu yetu. Tulichapisha mabango 60 ya chanjo ya watoto, tukayabandika sokoni na kwenye kinu cha unga. Akina mama wakaanza kutuuliza, "Sasa ni lini?" Tarehe haikuonekana. Tulikuwa tumeiandika, lakini kisanduku cha manjano tulichoongeza jioni, mbio mbio kabla stima haijapotea, kiliifunika. Tukazunguka bango kwa bango na kalamu ya wino.

Baadaye tulikaa siku nzima tukijaribu. Tunatumia Inkscape, programu ya kuchora isiyolipiwa. Humo kila unachochora hulala juu ya kilichotangulia, kama mikeka sakafuni. Tulichora mraba, duara na pembetatu, vikilaliana. Chagua mraba, bonyeza Page Up, unapanda hatua moja. Page Down, unashuka. Home huupeleka juu kabisa, End chini kabisa. Hapo hata mtoto ataweza. Ila hiyo hatua moja huhesabu tu vitu vinavyolaliana na ulichochagua; vilivyo mbali hurukwa.

Basi tukafungua lile bango. Tulichagua tarehe, tukabonyeza Home mara kumi hivi, wapi! Mmoja wetu akasema kibodi imeharibika. Kumbe tarehe ilikuwa katika tabaka la chini, kisanduku katika tabaka la juu, na Home haivuki tabaka. Ni kama kupanda juu ya meza ukiwa ghorofa ya chini: aliye ghorofani bado yuko juu yako. Dawa yake ni Shift pamoja na Page Up, ndipo kitu huhamia tabaka la juu. Vitu vilivyofungwa pamoja kuwa kundi ni vivyo hivyo. Kimoja hupanda ndani ya kundi lake tu.

Siku hizi, kabla ya kuchapisha, tunafungua menyu ya View, tunachagua Display Mode, kisha Outline. Rangi zote huondoka, inabaki mistari mitupu, na kilichofichwa hujitokeza. Halafu tunachapisha nakala moja na kumpa mama wa kinu aisome kwa sauti. Akitaja siku, saa na mahali bila kutuuliza, ndipo tunachapisha zingine.