Kabla Msingi Haujachimbwa: Nyumba, Kinamasi na Siku 60 za Kibali

(Maelezo kwa wananchi wa Kikima na vijiji jirani, Mbooni)



Mtu anayepanda milima ya Mbooni kutoka upande wa tambarare huona tofauti kabla hajafika Kikima. Kule chini mito ni mchanga mtupu kwa miezi mingi, na maji hutafutwa kwa kuchimba. Huku juu kuna mabonde ambayo udongo wake haukauki hata Septemba. Pana nduma, migomba na nyasi za ng'ombe, na chemchemi ambayo bibi wa mwenye shamba aliteka maji akiwa msichana. Bonde kama hilo ndilo sheria inaliita ardhioevu. Wenyeji wengi huliita kinamasi, na wanunuzi wa ploti huliita shamba lisilotumika.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Soko la Kikima linakua. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na vijana waliorudi nyumbani wanahitaji nyumba za kupanga, na Katiba, kifungu cha 43, inamtambulia kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Lakini mlimani ardhi iliyo sawa ni chache. Miteremko ilishachongwa matuta ya fanya juu na wazazi kwa jembe na sururu, na hakuna anayetaka kuyabomoa. Jicho la mjenzi basi hushuka bondeni, penye ardhi sawa na bei nafuu.

Kinamasi kina kazi yake. Mvua ya Novemba inapoteremka kwa kasi, udongo wa bonde na mimea yake huipunguzia mwendo, huizuia isishuke yote kwa siku moja, kisha huyaachilia maji polepole wakati wa kiangazi. Mkulima aliye kilomita kadhaa chini huyapata bila kujua yalilala wapi. Bonde likijazwa kifusi na kuwekwa zege, maji hayatoweki, ila hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni ukuta wa jirani. Choo cha shimo nacho, kikichimbwa mahali maji yako karibu na uso wa ardhi, hujaa msimu wa mvua na uchafu wake hufika kwenye chemchemi. Mpangaji wa nyumba hiyo ndiye huteka maji hayo.

Sheria inasemaje? Kibali cha ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Lakini kwa kinamasi, kibali cha kaunti peke yake hakitoshi. Sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kujenga, kuchimba au kukausha ardhioevu bila idhini ya maandishi inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira, na kuna kanuni za mwaka 2009 zinazohusu ardhioevu na kingo za mito hasa. Kanuni za maji nazo huhifadhi ukanda kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi 30. Hati miliki haifuti masharti hayo. Mwenye shamba ni mwenye shamba, lakini si kila kitu kinaruhusiwa juu yake.

Sehemu ambayo wananchi wengi hawajaisikia ni hii: ombi la kibali likikaa siku 60 bila mwombaji kupewa jibu la maandishi, sheria ya 2019 inachukulia kwamba kibali kimetolewa. Kipengele hicho kiliwekwa kumlinda mwombaji dhidi ya ofisi zinazokalia faili, na kwa hilo ni cha haki. Kwa bonde lenye chemchemi ni cha hatari. Kimya cha ofisi kinaweza kugeuka ruhusa, na jirani aliyesubiri kuona matingatinga ndipo alalamike atakuwa amechelewa.

Gharama ya kuchelewa ilionekana Nairobi Agosti 2018, majumba ya Ukay Centre kule Westlands na South End Mall yalipobomolewa kwa kuwa yalisimama kwenye njia ya mto. Wenye majumba walisema walikuwa na vibali. Wapangaji walibeba bidhaa zao barabarani. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Katika miji yote miwili swali la mahali pa kujenga liliulizwa wakati nyumba zilishasimama.

Makueni ina desturi ya wananchi kukutana kuanzia kijijini, kisha wadi, hadi kaunti, kujadili maendeleo. Mara nyingi mikutano hiyo huzungumzia barabara na zahanati. Ombi la nyumba kando ya kinamasi linastahili nafasi kwenye ajenda hiyo hiyo, tena mapema. Anayepinga si lazima awe adui wa nyumba. Anaweza kuomba jengo lisogezwe upande wa juu, idadi ya vyumba ipunguzwe, au choo kijengwe kwa namna isiyovuja.

Pingamizi la mdomo kwa chifu hupotea. Barua inatosha, hata ya ukurasa mmoja wa mkono: namba ya ploti, chemchemi iko umbali gani kwa hatua, nani huteka maji hapo, na maji ya mvua hufika wapi mwaka wa mvua kubwa. Ipelekwe ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti, na nakala kwa NEMA. Mwandishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya upangaji ardhi, kisha kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kuhusu leseni ya mazingira, rufaa huenda kwa Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira ndani ya siku 60.

Na kwa anayenunua ploti mwaka huu: aende kuiona Novemba, akiwa amevaa gambuti.