Serikali Mbili Juu ya Nchi Moja: Karani Humtii Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ilituagiza tuseme machache juu ya shirikisho, yaani nchi moja iliyo na serikali ya taifa na tena serikali za majimbo. Tumechagua Marekani, kwa kuwa imekaa na mpango huo zaidi ya miaka mia mbili, na mabishano yake yameandikwa wazi katika hukumu za mahakama. Wanasheria hupenda kuanza na maneno makubwa ya katiba. Sisi tu watu wa meza na faili. Basi tutauliza swali letu wenyewe. Serikali zikiwa mbili, karani humtii nani?

Kwanza yatupasa kuondoa jambo moja liwachanganyalo watu. Katika nchi yenye serikali moja, mkuu wa mkoa hutawala kwa mamlaka aliyokabidhiwa kutoka juu, naye aliyemkabidhi aweza kumwondolea kesho kwa barua moja. Jimbo la Marekani si hivyo. Gavana wa Ohio hakuajiriwa na Rais, wala Rais hawezi kumwachisha kazi wala kumhamisha. Jimbo lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake, hazina yake na makarani wake. Majimbo hayo ni 50. (Kenya nayo iliwahi kuonja mpango wa majimbo kwa katiba ya mwaka 1963, ukaondolewa mwaka 1964, ndiyo maana neno lenyewe si geni masikioni mwetu.)

Hapo mwanzo majimbo yalikuwa 13, na mapatano yao yaliyothibitishwa mwaka 1781 yaliyaacha na nguvu karibu zote. Baraza la taifa halikuwa na ruhusa ya kutoza kodi. Liliweza kuyaomba majimbo fedha tu, na majimbo yakalipa yalipopenda. Madeni ya vita yakalimbikizwa, askari wakakaa bila mishahara yao. Ndipo wajumbe 55 walipokutana Philadelphia mwaka 1787 (Rhode Island ilikataa kupeleka mtu) wakaandika katiba mpya. Serikali ya taifa ikapewa mambo yaliyotajwa moja moja: kutoza kodi, kupiga sarafu, posta, majeshi, mapatano na nchi za nje, biashara ivukayo mipaka ya majimbo, na uraia. Na katika nyongeza ya kumi, ya mwaka 1791, ikaandikwa kwamba yasiyopewa taifa, wala kukatazwa majimbo, yabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Kwa hiyo hata leo, katika mji mmoja wa Ohio, karani agongaye muhuri juu ya barua ni wa taifa. Aandikaye ndoa na hati za ardhi ni wa jimbo na wilaya zake. Mwalimu, polisi wa mji, na atoaye leseni ya udereva, hao nao si wa taifa. Waweza kuwa ndugu wa tumbo moja, wakala meza moja jioni, lakini hakuna bwana mmoja wa kuwaamrisha wote.

Jambo likiandikwa hivyo huonekana safi. Katika kazi si safi hata kidogo, nasi twapenda kulionyesha hilo kwa habari za watumishi wenyewe.

Mwaka 1818 jimbo la Maryland lilizitoza kodi noti za benki isiyo na kibali cha jimbo, likiikusudia Benki ya Taifa iliyokuwa na tawi katika mji wa Baltimore. Benki iandike noti zake juu ya karatasi yenye stempu ya jimbo, ama ilipe dola 15,000 kwa mwaka. Keshia wa tawi hilo, James McCulloch, akatoa noti pasipo stempu, akashitakiwa. Shauri likafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1819 Jaji Mkuu John Marshall akaamua kwamba jimbo halina ruhusa ya kukitoza kodi chombo cha taifa, maana awezaye kutoza aweza na kuua. Akaamua tena kwamba taifa laweza kuanzisha benki, ijapokuwa katiba haikutaja neno benki, ikiwa benki yafaa kwa kutimiza kazi zilizotajwa. Hapo orodha fupi ya mwaka 1787 ikarefuka. (Huyo keshia mwenyewe aliondolewa kazini mwaka huo huo kwa tuhuma juu ya fedha za benki, lakini hilo ni shauri jingine.)

Habari ya pili ni nzito zaidi. Sheria ya taifa ya mwaka 1793 ilimruhusu mwenye watumwa kumfuata mtumwa aliyekimbilia jimbo lisilo na utumwa, na kumrudisha kifungoni. Pennsylvania ikatunga sheria ya kuwazuia watekaji. Mwaka 1842 Mahakama ya Juu iliitangua sheria hiyo ya Pennsylvania. Walakini ikasema pia kwamba watumishi wa jimbo hawalazimiki kuitenda kazi ya taifa. Majimbo kadhaa ya kaskazini yakaishika sehemu hiyo ya pili kwa mikono miwili, yakawakataza mahakimu na askari wao kumsaidia mtekaji, na jela zao zisitumike. Basi mwaka 1850 taifa likaweka makamishna wake lenyewe. Na malipo yao, Mabwana, yasikilizeni vizuri: kamishna alipewa dola 10 akimkabidhi mtu kwa adaye kuwa bwana wake, na dola 5 akimwacha huru. Ilisemwa kuwa makaratasi ya kurudisha ni mengi zaidi. Sisi tulioandika makaratasi maisha yetu yote hatukubali udhuru huo.

Tumekaa juu ya habari hii kwa sababu wako wasemao kwamba nguvu za majimbo daima ni ngao ya uhuru, na wengine kwamba daima ni kificho cha dhuluma. Katika miaka hiyo ya 1840 na 1850, haki ya jimbo ilimficha mkimbizi kule kaskazini, na haki hiyo hiyo ililinda utumwa kule kusini, mpaka vita ya mwaka 1861 hadi 1865. Baada ya vita, nyongeza ya 14 ya mwaka 1868 ikayakataza majimbo kumnyima mtu yeyote ulinzi ulio sawa wa sheria. Karibu miaka tisini ilipita kabla ya katazo hilo kutiwa nguvu mbele ya mlango wa shule. Mwezi Septemba 1957, katika mji wa Little Rock, Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliweka askari wa akiba wa jimbo kuwazuia wanafunzi weusi tisa. Rais Eisenhower akawatwaa askari hao hao chini ya amri yake, akaleta na jeshi la taifa, wanafunzi wakaingia. Askari yule wa akiba alikuwa na bunduki ile ile na mji ule ule. Iliyobadilika ni sahihi iliyo chini ya amri.

Je, taifa laweza kumwamuru karani wa jimbo? Sheria ya bunduki ya mwaka 1993 iliwataka wakuu wa polisi wa wilaya wachunguze habari za wanunuzi. Wawili, mmoja wa Montana na mmoja wa Arizona, wakaenda mahakamani, na mwaka 1997 wakashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne: taifa haliwezi kuwageuza watumishi wa jimbo kuwa watumishi wake. Lakini lisiloweza kuamriwa laweza kununuliwa. Tangu nyongeza ya 16 ya mwaka 1913 taifa hutoza kodi ya mapato, na hazina yake imekuwa pana. Mwaka 1984 lilisema kwamba jimbo litakalomruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara. South Dakota ikashitaki, ikashindwa mwaka 1987, na muda si mrefu majimbo yote yakawa na umri mmoja. Hakuna aliyeamriwa. Kwa maoni yetu, atakaye kujua mpaka wa kweli kati ya serikali hizo mbili atazame vitabu vya hesabu kabla ya kutazama katiba.

Na mpaka huo haujatulia. Wananchi wa Colorado walipiga kura mwaka 2012 kuihalalisha bangi, na siku ya kwanza ya Januari 2014 maduka yakafunguliwa, ilhali sheria ya taifa ya mwaka 1970 ilikuwa ingali inaikataza. Ofisi ya jimbo ikatoa leseni na kupokea kodi. Benki nyingi, zikiiogopa sheria ya taifa, zikakataa kuwafungulia wenye maduka hesabu. Basi wengine wakaenda kulipa kodi yao kwa noti taslimu zilizojaa mifukoni, na karani wa jimbo akazihesabu moja moja, akaandika stakabadhi.