Ankole au Friesian: nani abaki zizini?

Wilayani Kiruhura, magharibi mwa Uganda, familia ya mfugaji huamka alfajiri siku ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Katika mazizi kama hilo, ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, wanazidi kuwapisha ng'ombe wa maziwa wa Friesian na machotara.

Msikilizaji, hili linakuhusu vipi? Kwa upande mmoja, ni kipato. Friesian hukamuliwa maziwa mengi zaidi, na maziwa ndiyo karo ya watoto.

Kwa upande wa pili, Ankole huvumilia ukame na hutembea mbali kutafuta maji. Na hatari ya kupoteza mbegu kama hii si ya hapa tu: mwaka 2007 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilionya kuwa takriban asilimia 20 ya mbegu za mifugo duniani zilikuwa hatarini kutoweka.

Swali ni hili: gharama ya kuitunza mbegu ya Ankole aibebe mfugaji peke yake, au serikali na walaji nao wachangie?