Si Kila Maumivu ya Taya ni Jino

Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, je, upande mmoja wa uso unakupiga kama shoti ya umeme ukitafuna, ukinawa, au upepo ukikupuliza kwenye bodaboda? Maumivu hayo hukatika haraka, kisha hurudi.

Huenda si jino. Huenda ni mshipa wa fahamu wa uso.

Usikimbilie kung'oa jino baada ya jino. Nenda hospitali, Nyakahanga au Isingiro, ueleze maumivu yanavyoanza. Daktari huanza na vidonge, kama kabamazepini. Usiviache bila ushauri wake.

Vidonge vikishindwa, upasuaji upo. Mara nyingi mshipa wa damu huukandamiza mshipa wa fahamu. Daktari bingwa huitenganisha mishipa hiyo. Ulizia rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili.

Kumbuka: si kila maumivu ya taya ni jino. Kapime kwanza.